Siku Bibi Alipotaja Jina la Mumewe

Kama ndiyo kwanza unakutana nami katika ukurasa huu, karibu. Nitakuweka njiani kwa maneno machache, kisha tuendelee.

Naitwa Folasayo. Nilisomea dawa zitokanazo na mimea katika chuo kikuu kimoja Ibadan, nikahitimu vizuri, nikadhani dunia inanisubiri mlangoni na shada la maua. Nilifungua mlango, sikukuta mtu. Kazi hakuna. Babafemi, aliyenivisha pete, aliidai irudi kwa ujumbe wa simu. Kisha bibi yangu wa hapa Iseyin, aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki, akaanza kupotea. Alianza kwa kusahau sufuria motoni, ikafuata njia ya sokoni, mwisho akasahau watu.

Wiki iliyopita niliishia pale majirani walipomkuta uani kwao asubuhi, kichwa wazi, akizungumza na kuku wao. Wakasema mchawi amenaswa. Mawe yakaokotwa. Nilimfunika kwa mwili wangu, na jiwe moja liliniachia kovu begani.

Baba Mkubwa Tanimola, mwana wa kwanza wa Bibi, akapiga simu kutoka Lagos na kutoa hukumu. Mvua zikiisha kabla Bibi hajapata nafuu, atampeleka kwenye nyumba moja ya maombi ambako wazee wa namna yake hufungwa mguu kwenye gogo mpaka pepo atoke.

Nikaomba nafasi moja tu. Mwalimu wangu, Profesa Olabimtan, alikuwa akijaribu dawa ya kumbukumbu kwa wazee, kwa ridhaa ya familia zao. Alinichukua kama msaidizi, nami nikamwandikisha Bibi.

Dawa yenyewe si ngeni kwetu. Kuna ua jeupe linaloota kinamasini, mzizi wake ni kama kitunguu kikubwa. Kabla ya mitihani ya shule ya msingi, Bibi alikuwa akiuponda mzizi huo, anauchanganya na asali na kunilambisha. "Meza, Awero," alikuwa akisema. "Ya mwalimu yasitoke kwa sikio la pili." Awero ni jina la kubembelezea alilonipa siku niliyozaliwa. Hakuna mwingine anayeniita hivyo.

Chuoni ndipo nilipojua kwamba Bibi hakuwa akibahatisha. Ubongoni ujumbe hupita kutoka seli hadi seli, na kuna kitu kinachoula ule ujumbe kabla haujafika. Kemikali iliyomo katika mizizi ya maua ya ukoo ule inakifunga mdomo kitu hicho. Tayari kuna dawa ya namna hiyo inayouzwa, iliyotokana na ndugu wa ua letu wa nchi za baridi. Hairudishi kilichokwisha kufa, lakini inaweza kumpa mtu muda. Mimi nilikuwa sitaki zaidi ya hapo. Muda kidogo na Bibi yangu.

Kila mzee alipimwa kabla ya kuanza vidonge, kwa karatasi ya maswali iliyotungwa ng'ambo na kutafsiriwa. Bibi alikataa kupimwa na mgeni, ikabidi nimpime mimi.

"Bibi, mume wako anaitwa nani?"

"Baba Tanimola."

"Jina lake, Bibi. Alilopewa na wazazi wake."

Alinitazama kana kwamba nimetema mate kwenye chungu chake. "Wewe umelelewa na nani?"

"Na wewe, Bibi."

"Basi nimelea vibaya."

"Haya. Una watoto wangapi?"

"Unataka kuwanunua?"

Maelekezo yalisema asiyejibu apewe sifuri. Nikampa sifuri mbili. Nilijua fika kwamba mwanamke wa rika lake hatamki jina la mumewe, na kwamba kwetu watoto hawahesabiwi kama mbuzi. Lakini nilijiambia karatasi ni ile ile kwa wote. Sayansi haina wakwe.

Jumanne hii, mwezi wa tatu wa vidonge, nikampima tena.

Bibi alikuwa amekaa mkekani uani. Ujanani alisokota pamba kwa ajili ya wafumaji, na mpaka leo vidole vyake havitulii, vinasokota uzi usiokuwepo. Nilimpa maneno matatu ayashike: chungwa, kisu, mlango. Tukaongea mambo mengine, kisha nikamdai.

"Chungwa," akasema. "Kisu. Mlango."

Mara ya kwanza hakushika hata moja.

"Na mume wako, Bibi, anaitwa nani?" Kalamu yangu ilikuwa imeshaanza kuchora sifuri.

Bibi akacheka. Akauma ncha ya shuka yake kama mtu anayetekenywa. Kisha akasema kwa sauti iliyovuka ua mzima:

"Oyediran!"

"Nani?"

"Una pamba masikioni? Oyediran! Mwana wa mfua vyuma."

Ndilo. Ndilo jina la marehemu babu yangu. Nikauliza, "Na watoto je?"

"Sita," akasema, akatazama chini akitabasamu.

Sita! Ndio hao, na baba yangu akiwemo.

Nyuma yangu kitu kikapasuka. Nikageuka. Alikuwa Bibi Mdogo, mke mwenza wa Bibi. Chungu cha mlenda kilikuwa vipande miguuni pake, naye amesimama katikati ya ule utelezi kama aliyepigwa msumari.

"Amesema nini huyo?"

"Amepona, Bibi Mdogo! Amelitaja jina la Babu!"

Alijiziba mdomo. Akaruka vipande, akaingia chumbani kwake, nikasikia komeo.

Wivu, nikawaza. Wajane wawili wanakaa ua mmoja na majiko mawili, na hawajawahi kula sahani moja. Tangu Bibi Mdogo aolewe, Bibi alimbandika jina la Mvua ya Juzi. "Mvua ya juzi," alikuwa akimwambia mbele za watu, "haiulizi mto ulichimbwa na nani." Nilidhani yule mama ameona adui yake anapata nafuu, na nafsi imekataa kufurahi.

Nikampigia Baba Mkubwa, nikaweka sauti ya nje.

"Mama," akasema, "mumeo ni nani?"

"Oyediran!" Bibi akaiambia simu.

Nikasikia mtu mzima mwenye mvi analia Lagos. "Folasayo, mwanangu, umenizalia mama upya. Mambo ya nyumba ya maombi yaishe. Jumamosi nakuja kumwona."

Profesa naye, nilipomweleza kwa simu, alipiga kelele kama mshabiki wa mpira. "Kutoka sifuri? Folasayo, usiguse chochote! Jumamosi naleta wageni wa kampuni inayotufadhili. Wamsikie wenyewe."

Nilizima simu, nikatafuta mtu wa kumwambia. Sikumpata. Nikaanza kumwandikia Babafemi, nikafuta. Habari njema nayo ni mzigo, ndugu zangu. Ukikosa wa kukutua, unakaa nayo kichwani mpaka shingo inauma.

Jioni Bibi Mdogo alikuwa bado hajatoka. Nikampelekea amala, ugali wetu wa viazi vikuu. Alifungua mlango nusu.

"Rudisha chakula chako."

"Bibi Mdogo, usimwonee wivu mgonjwa."

"Wivu!" Akafungua mlango wote. "Ingia, msomi. Kaa. Nikuulize, babu yako alifia mikononi mwa nani?"

"Mwa Bibi."

"Mwetu sote wawili. Yeye alishika kichwa, mimi miguu. Mganga wa zahanati akaja kuandika. Marehemu anaitwa nani? Tukatazamana. Maiti ile pale, machozi yanatutoka, na hakuna aliyefungua mdomo. Unajua tulifanyaje? Nilitoka barabarani nikamwita muuza mafuta ya taa aje atutajie jina la mume wetu."

Nilitaka kucheka. Yeye hakucheka.

"Hata kufa hakukututoa lile jina. Hatukulitamka kwa hasira, wala usingizini. Yule aliyekaa mkekani leo akilipigia kelele kama muuza mkate ni nani? Mimi simjui."

"Labda kwa kuwa ni kipimo..."

"Ulipompima mara ya kwanza alikujibu nini?"

Niliitazama sahani ya amala.

"Ulimpa ngapi siku ile?"

"Sifuri."

"Siku ile alikuwepo nyumbani. Na leo umempa ngapi?"

Nilichukua sahani yangu, nikaondoka bila kuaga.

Asubuhi nilimkalisha Bibi kivulini, nikaanza kumsuka. Nilikuwa nimejiapiza kwamba nitamuuliza kidogo kidogo. Mdomo ukanitangulia.

"Bibi, huyu Oyediran ni nani?"

Alitazama kulia, akatazama kushoto. Akanivuta sikio mpaka likagusa mdomo wake.

"Ayoka," akanong'ona, "apa kwanza hutamwambia mama."

Ayoka alikuwa shoga yake wa utotoni. Alikufa kabla baba yangu hajazaliwa. Mimi namjua kwa hadithi tu.

"Naapa," nikasema.

"Atakuja kwa baba baada ya mavuno, na viazi vikuu na vinywaji. Baba anasema hataki mwana wa mfua vyuma, watu wa moshi. Lakini sisi tumeshakubaliana. Watoto sita."

"Sita?"

"Ndivyo asemavyo yeye! Mimi nimemwambia tuanze na mmoja, nione kama anajua kubeba." Akacheka, akajiziba uso. "Oyediran. Oyediran. Lina utamu kulitaja, Ayoka. Nikishaolewa sitalitaja tena, acha nilimalize sasa."

Mikono yangu ikasimama kwenye nywele zake nyeupe.

Msichana ambaye hajaolewa hana mwiko wa jina. Bibi yangu hakuwa amerudi. Alikuwa amekwenda mbali zaidi, amevuka siku ya ndoa yake akitembea kinyumenyume, mpaka mahali ambapo mimi sipo. Baba yangu pia alikuwa hajazaliwa. Nilikaa pale nikisuka nywele za msichana ambaye hajapata kuniona maishani mwake.

Na mimi nilikuwa nimemwandikia alama nzuri.

Mlango ukalia nyuma yetu. Bibi Mdogo alikuwa amesimama mlangoni, na sijui alisikia kiasi gani. Bibi alimwona akainuka kwa adabu, akapiga goti kama binti mbele ya mkubwa wake.

"Karibu, mama. Kaa, jua kali. Ayoka, mpe mama maji."

Miaka yote ile, Bibi Mdogo hakuwahi kukaribishwa na mtu huyu. Akapokea maji. Hakuyanywa.

"Afadhali matusi," akaniambia taratibu. "Nilibaki na mtu mmoja duniani anayejua niliingiaje nyumba hii. Nilivaa nini, nililia vipi, mume wetu alikohoaje. Tulikuwa tukigombana, kumbe ndiyo mazungumzo yetu. Sasa nitagombana na nani?"

Nilimpigia Profesa. Alikuwa safarini, sauti inakatikakatika.

"Folasayo, jibu sahihi ni jibu sahihi."

"Lakini Profesa, amelijibu kwa kuwa amesahau kuwa ni mke."

"Sikusikii vizuri. Jumamosi! Endelea na vidonge."

Baba Mkubwa sikumpigia. Nilikishika kitufe, nikakiachia. Nikisema kweli, gogo linamngoja Bibi. Nikinyamaza, anabaki nyumbani, lakini wazee wengine watameza vidonge kwa kuamini alama ya uongo. Siku zile nilimlisha Bibi, nikampa vidonge vyake, nikaitikia jina la Ayoka. Nililizoea hata likaanza kuniuma kidogo kuliko kutoitwa kabisa.

Jumamosi Bibi aliamka kimya. Hakuimba nyimbo za kisichana kama siku zile. Nilipomwambia, "Mimi Ayoka, nimekuletea uji," alinitazama kama mtu anayesikia redio ya jirani. Nilikwenda kupanga viti. Niliporudi nilikuta amejifunga kilemba mwenyewe, kile cha bluu cha sherehe, kimekaa sawasawa. Kwa haraka niliyokuwa nayo sikukitilia maanani.

Magari yakaingia. Profesa alishuka na Madamu Nwakaego wa kampuni, mwanamke mrefu, mwenyeji wa mashariki, ambaye lugha yetu haijui. Baba Mkubwa akatoka na kapu la matunda, amevaa kama mtu anayekwenda harusini. Akalala kifudifudi mbele ya mama yake, kama wanaume wa kwetu wanavyowaamkia wazee, na suti yake nyeupe.

"Inuka, utachafuka," Bibi akasema.

Profesa akavuta kiti. Akamwamkia, akampa maneno matatu, akayadai. Bibi akarudisha mawili. Madamu akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika.

"Sasa, mama. Mume wako anaitwa nani?"

Bibi akashusha macho.

"Mume wako, mama. Juzi ulimtaja."

"Baba Tanimola," akasema kwa sauti ndogo.

"Jina lake hasa."

Bibi akaivuta shuka yake, akafunika magoti vizuri.

"Una watoto wangapi, mama?"

Bibi akasonya. "Watoto hawahesabiwi."

Profesa akapangusa jasho. Madamu akamuuliza jambo kwa Kiingereza, naye akajibu kwa aibu, akaandika. Niliiona kalamu yake ikizunguka mara mbili. Sifuri, sifuri.

Baba Mkubwa akasimama, kapu likaanguka, machungwa yakabingirika uani. "Juzi nimemsikia kwa masikio yangu! Leo hata jina la baba limemtoka? Basi. Tumechezewa vya kutosha. Mfungashieni nguo!"

Kucha zikanichoma mkononi. Bibi Mdogo alikuwa amenishika.

"Amerudi," akaninong'oneza. "Umemwona alivyoshusha macho? Ndiye! Sema, msomi. Mimi nikisema wataniambia mke mwenza. Sema wewe!"

Nikasimama.

"Profesa, futa alama za Jumanne."

"Unasema nini?"

"Zifute. Jumanne hakuwa na nafuu. Alikuwa msichana asiyeolewa, ndiyo maana alilitaja. Hata wale sita ni watoto aliokuwa akiwatamani na mchumba wake. Nilijua Jumatano, na sikupiga kelele kama ilivyonipasa. Leo amekataa kwa sababu anajua yeye ni mke wa mtu. Leo ndiyo yupo. Hizo sifuri mbili ndizo nafuu yake."

Profesa alitafsiri, huku sauti ikimshuka kila neno. Madamu akafunga mkoba wake.

Baba Mkubwa akacheka kicheko kibaya. "Akijibu, amepotea. Akikataa, amepona. Folasayo, hiyo ni dawa au karata tatu?"

"Baba Mkubwa, wewe mwenyewe umewahi kumsikia akimtaja baba yako?"

"Sijawahi! Na Jumanne nilipomsikia nililia kwa furaha, na wewe ulikuwepo. Mbona hukuniambia nalia msiba?"

Alisema kweli.

"Ushahidi, Folasayo," Profesa akasema kwa upole. "Nipe kitu cha kushika."

Nilitazama mikono yangu. Sikuwa na chochote.

Ndipo Bibi akainua macho. Akatazama machungwa yaliyotapakaa, akatazama wageni, kisha akamwona Bibi Mdogo aliyening'ang'ania huku machozi yanamtiririka.

"Wewe Mvua ya Juzi!"

Bibi Mdogo akaniachia mkono.

"Unalilia nini mbele za watu? Wageni wamekauka makoo, wewe umesimama hapo kama mlingoti. Au maji nayo yanangoja yapigiwe ngoma?"

Bibi Mdogo akaanguka magotini. Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Akapiga makofi, akapiga tena. "Nayaleta, mkubwa wangu! Tukana tena. Tukana, nakwenda kuyaleta!"

"Ameanza wazimu huyu," Bibi akamwambia Profesa.

Baba Mkubwa alisimama mdomo wazi. Tusi lile alikulia nalo, na lilikuwa limetoka na mkato wake ule ule. Akakaa taratibu, kama mtu asiyekiamini kiti.

"Amemwita vile," akasema. "Folasayo, amemwita vile vile."

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

Akauficha uso katika viganja vyake. Alipouinua, macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imara.

"Mwanangu, mimi nimeshadanganywa na tumaini mara moja wiki hii, mara ya pili siwezi. Tusi linaweza kubaki ulimini hata mtu akiwa ameondoka. Nitauliza swali moja tu, na si la karatasi." Akanielekezea kidole. "Wewe huna mwiko wowote. Bibi anaweza kumtaja mjukuu wake mchana na usiku. Akikujua, anabaki hapa, na vidonge vyako, na sitainua tena mdomo. Asipokujua, naondoka naye kwa gari lile pale. Umekubali?"

Profesa akanitazama kama anayeniambia nikatae. Yeye anajua, nami najua, kwamba ugonjwa huu hauondoki na mtu mzima mzima. Unaweza kumrudisha mke, ukamrudisha mke mwenza, na ukamwacha mjukuu huko huko njiani.

Nilikubali. Ningefanya nini?

Nilipiga magoti mbele ya mkeka. Baba Mkubwa akachuchumaa kando yetu.

"Mama," akasema, "huyu ni nani?"

Bibi alinishika kidevu. Mkono wake ulikuwa na harufu ya mafuta ya mawese na sabuni nyeusi, harufu ya utoto wangu. Vidole vyake, vile visivyotulia, vikaacha kusokota. Jikoni nilimsikia Bibi Mdogo akimimina maji, kisha akasita, mtungi mkononi.

Nilitazama ndani ya macho yale nikimtafuta aliyenilambisha asali. Nikaona mtu anakuja, kwa mbali, anakuja taratibu kama mzee anayekwenda kufungua mlango uliobishwa. Ila sikuweza kujua anakuja kumfungulia nani, Awero au Ayoka.

Bibi akavuta pumzi.